Mwezi wa Ndani ya Bomba

Watu wengine wakiaibika hujifungia ndani mpaka mambo yapoe. Mimi nafuu hiyo sikuipata, maana aibu yangu ilitangazwa kutoka ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja la Michenzani, kwa sauti yangu mwenyewe, ikaitikiwa kwa takbira na vigelegele na wakaazi wa ghorofa zote za chini, kwa hivyo nimeona heri niisimulie mwenyewe, tena kwa utaratibu, kabla hamjaisikia kwa Bwana Seif, ambaye kila akiisimulia huongeza jambo (safari iliyopita alisema nililia, sikulia, lilikuwa jasho).

Mimi ni fundi wa miwani. Kibanda changu kiko Mji Mkongwe, uchochoro wa nyuma ya soko la Darajani, na wanaonijua wananijua kwa mambo mawili: sipendi haraka, na sipendi mtu aseme "nimeona" kabla hajatazama vizuri. Skuli nilitolewa nikiwa kidato cha pili. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vikuukuu, hasa habari za mwanga na vioo, na pengine kwa sababu hiyo neno "najua" silitoi ovyo, kwani nimelipata kwa shida. Kila mwaka mwezi wa Iddi ukikaribia kuandama, pale kwenye baraza ya kahawa ninapokaa jioni, mimi ndiye niliyekuwa nikiwasuta wenzangu. Mtu akija mbio kusema kauona, namuuliza: ulikuwa upande gani wa pale jua lilipozama? Pembe zake zilielekea wapi? Nani mwengine aliyeuona pamoja nawe? Mtu akianza kubabaika, namwambia, mbele ya watu, "Yakhe, jicho la mwenye hamu huona linachokitaka." Neno hilo liwekeni akiba, mtalihitaji.

Kufundisha watoto sikukutafuta, kulinifuata. Bi Mwanaisha, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja kuchukua miwani yake akiwa na mjukuu wake Salha, mtoto wa miaka saba, na wakati mimi namrekebishia bibi yake masikio ya miwani, yule mtoto akaokota kioo kimoja mezani, akakiweka juu ya gazeti, akakiinua, akakishusha, kisha akaniuliza, "Fundi, kwa nini herufi zinakua nikikinyanyua?" Nikamwambia, "Wewe unaonaje?" Akafikiri, akasema labda herufi zinadhani anaondoka, ndiyo zinamfuata. Nikamwambia tutajuaje kama ni kweli? Basi tukaanza. Bi Mwanaisha alikaa kwenye kigoda mpaka akasinzia, na alipozinduka sisi bado tumeinamia gazeti. Naye hakunyamaza, alilipeleka jambo hilo skuli ya mjukuu wake, na haukupita muda nikaitwa, nikapewa saa moja kila Alhamisi na watoto wa darasa la pili, niwafundishe kile nilichokuwa nakifanya kibandani.

Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi. Jibu sitoi. Natoa kitu, kisha nauliza: umeona nini, umejuaje, na tufanye nini ili tuhakikishe? Tulitia machungwa ndani ya ndoo ya maji, zima likaelea, lililomenywa likazama, na baada ya ubishi mkubwa na maji mengi sakafuni Salha akasema chungwa likivuliwa ganda limevuliwa boya lake. Siku nyengine niliwaletea majani ya mdalasini kutoka shamba la shangazi yangu Kidichi, wakayatazama kwa kioo cha kukuzia, na mtoto mmoja akapiga ukelele kwamba ameona mdudu mweusi mwenye miguu ya manyoya. Darasa zima likapanda juu ya madawati. Nikawatuliza, nikasema, haya, sogeza jani. Mdudu kaenda na jani? Hakwenda. Sasa sogeza kioo. Mdudu akaenda na kioo! Kumbe ni uchafu ulionasa kiooni pamoja na uzi wa kanga ya mtu. Watoto walifurahi kuliko kama wangempata mdudu wa kweli, wakalifanya wimbo, wakawa wanauimba hata wakati wa mapumziko: "Sogeza jani, sogeza kioo, mdudu yuko wapi?"

Mwalimu mkuu, Bi Khadija, alisimama mlangoni siku ile ya machungwa, akatazama maji, akatazama watoto walivyorowa, akaniita pembeni.

"Fundi Makame," alisema, "mie sina ugomvi nawe. Lakini watoto hawa maji na udongo wanachezea kwao, hawahitaji mwalimu. Kusoma bado kunawapiga chenga. Baada ya Iddi nnapanga ratiba mpya, na saa yako nnataka niirudishe kwenye kusoma, isipokuwa unioneshe hasa wanajifunza nini."

Alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililoniuma. Saa ile mimi niliipenda zaidi ya inavyomstahiki mtu wa umri wangu, maana kila Alhamisi nilikuwa kama nimerudishiwa miaka niliyoikosa, nikakaa tena darasani, safari hii bila ya kutolewa. Nikamwambia, "Nipe nafasi moja, Bi Khadija. Uje uone mwenyewe."

Nafasi ikaletwa na watoto. Ilikuwa Ramadhani, na katika Ramadhani mtoto wa Unguja haongei jambo jengine ila mwezi, na swali lao lilikuwa zuri: mwezi usipoonekana, upo au haupo? Nikawaahidi kwamba jioni ya kutafuta mwezi wa Iddi tutautafuta pamoja kwa bomba la kutazamia, yaani darubini, nitakalolitengeneza mwenyewe. Bi Mwanaisha akatoa roshani yake, ghorofa ya juu, inayotazama magharibi. Bi Khadija akakubali kuja. Skuli ilikwishafungwa kwa sikukuu, kwa hivyo hakuwa na udhuru, na mimi sikuwa na wa kwangu.

Bomba nililitengeneza kwa mabomba mawili ya maji ya plastiki nyeupe, moja linaingia ndani ya jengine. Mbele nilitia kioo cha miwani ya kusomea, nyuma kioo kidogo chenye nguvu, na kati yao kipete chembamba cha kuzuia mwanga wa pembeni. Nililijaribu kibandani kwa kusoma kibao cha duka la mwisho wa uchochoro, likasoma mpaka msumari uliokishika. Nikaridhika. Na hapo, kabla ya kosa lenyewe, palikuwa na kosa dogo la mwanzo, kwamba nililijaribu kwa kitu cha karibu, na kitu cha mbali kinataka bomba liwe fupi zaidi. Jambo hilo nalijua. Nimelisoma, nimeliandika, nimelifundisha. Nilipofika roshanini kwa Bi Mwanaisha jioni ile na kulielekeza bomba baharini, upeo wote ulikuwa na ukungu, nikalisukuma ndani bomba dogo mpaka likagota, ukungu uko pale pale.

Basi nikashuka ngazi mpaka chini kwa Bwana Seif, jirani wa Bi Mwanaisha ambaye hana kazi anayoifanya vizuri lakini zana zote anazo, nikaazima kwake msumeno wa chuma.

"Unakata nini Fundi, na adhana hiyo inakaribia?" akaniuliza. Alikuwa amekaa mlangoni na jogoo wake mkubwa mwekundu, amemfunga mguu, jogoo wa Iddi, anamlisha chenga za mchele kama mgeni wa heshima.

"Nalikata bomba kidogo. Kiasi cha upana wa kidole."

"Haya, kata. Lakini huyo mwezi ukiuona niambie mie mwanzo, huyu anasubiri habari."

Nikakaa kwenye ngazi, nikakata.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mambo yote yalitokana na hapa. Desturi yangu, nikishakata kitu chochote, nakipuliza, nakifuta, kisha nakipuliza tena. Majirani wa kibanda wananicheka kwa kupuliza kwangu. Lakini jioni ile nilikuwa nimefunga, kinywa kikavu, na lile bomba limejaa unga mweupe wa plastiki, nikaliweka mdomoni nipulize, nikasita. Nikajiambia, ukipuliza humu ndani unga utakurudia kooni, na saumu uliyoishika tangu alfajiri utaitia mashaka wakati adhana iko mlangoni. Bora nikishafuturu nitapuliza. (Ningeweza kuligongagonga. Ningeweza kutia kitambaa. Ningeweza kumwomba mtoto ambaye hakufunga. Yote hayo niliyafikiria baadaye, nikiwa nimelala.) Nikalirudisha bomba dogo ndani ya kubwa, nikapanda juu.

Adhana ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende na maji, tukasali pale pale sebuleni, Bi Mwanaisha akaleta uji wa pilipili manga na sambusa, akasema, "Kuleni mpate nguvu ya kutazama," nami nikala, nikanywa, nikazungumza na Bi Khadija kuhusu faida ya mtoto kuuliza, na kupuliza nikakusahau moja kwa moja.

Tulitoka kwenda roshanini jua limeshazama kabisa (watoto niliwaapisha, bomba na jua havikutani). Magharibi ilikuwa nyekundu, na chini karibu na bahari palikuwa na mkanda wa mawingu. Watoto walijipanga vizuri, Salha wa mwisho, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba na bibi yake alimwambia mwenye nyumba hatangulii wageni. Bi Khadija alisimama kando yangu amekunja mikono. Chini uwanjani watu tele walikuwa wamesimama wameinua nyuso, na katika kila roshani ya jengo lile refu palikuwa na vichwa.

Nikaliegemeza bomba juu ya ukuta wa roshani, nikatia jicho kwanza, ili niliweke sawa.

Na nikauona.

Wallahi nasema nilichokiona: ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, mweupe, unang'aa, umelala chali pembe zake juu, kama mwezi mchanga unavyolala hapa kwetu. Ulikuwa mzuri kuliko mwezi wowote niliowahi kuuona, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka. Yale maswali yangu yote ya barazani yalikuja, sitasema uongo, yalikuja yakapanga foleni, lakini kabla sijalijibu hata moja Bi Khadija akasema, "Vipi Fundi? Kuna kitu?"

Nikasema, "Umeandama."

Nilisema polepole. Lakini Bi Mwanaisha akaniambia, "Sema wasikie baba, usitubanie!" na mimi, mtu wa miaka yangu, mtu nisiyependa haraka, nikashika ukuta wa roshani, nikainama, nikapiga ukelele: "Mwezi umeandama!"

Bi Mwanaisha akatoa kigelegele kilichonizibua masikio. Roshani ya chini yake ikapokea, na ya chini ya hiyo, ikaenda urefu wa jengo zima kama moto wa makuti. Chini wakaanza takbira. Watoto wa uwanjani wakapiga sufuria. Mtu akauliza, "Nani kauona?" akajibiwa, "Fundi wa miwani, kwa kioo!" na nikasikia mwengine anasema, "Basi kwisha, huyo hasemi ovyo." Neno hilo bado linanichoma mpaka leo.

Bi Khadija akainama kwenye bomba. "Mashaallah," akasema. "Mwembamba! Nnauona!" Mtoto wa kwanza akauona. Wa pili akauona. Kila aliyetia jicho aliuona, na mimi kila mmoja akisema "nnauona" nilizidi kuvimba, nikamwambia Bi Khadija, kwa sauti ya mwalimu, kwamba hii ndiyo faida ya chombo, mtu mmoja anaweza kukosea lakini wote hawa hawawezi. Ndani Bi Mwanaisha alikuwa kwenye simu na kaka yake wa Kidichi: "Kwa kioo, nakwambia! Mpaka mwalimu mkuu kauona!"

Hapo Bwana Seif akaingia anahema, ngazi zote zile, kisu mkononi kimeshaoshwa, na nyuma yake wanaume wawili wa kanzu.

"Fundi, jogoo nishamchinja," alisema. "Sasa vaa kofia twende kwa imamu. Wanataka mashahidi waape, habari ipelekwe inakopelekwa. Na Bi Khadija naye aje."

Kuapa. Neno lile likanipoza kidogo. Nikaanza kutafuta kofia yangu.

Salha, wakati huo, zamu yake ilikuwa imefika. Watu wazima tukiwa tunazungumza, yeye amepanda juu ya kigoda, katia jicho, katazama muda mrefu. Kisha akasema, "Fundi, nisogeze kioo?"

"Tazama tu mwanangu, tuna haraka," nikamwambia. (Mimi! Haraka!)

Lakini alikuwa ameshalishika bomba kwa mikono miwili, na badala ya kulisogeza akalizungusha pale pale, kama mtu anayefungua chupa.

"Fundi," akasema, "mwezi umesimama."

"Umesimama vipi?"

"Ulikuwa umelala. Nimezungusha, umesimama. Sasa umelala kifudifudi." Akazungusha tena. "Sasa umerudi. Unanifuata mimi." Akatoa jicho kwenye bomba, akanitazama bila ya ubishi wowote, kama anavyonitazama Alhamisi anapotaka nithibitishe jibu. "Uko humu ndani, kama yule mdudu."

Nikainama, nikatia jicho, nikalizungusha bomba. Mwezi ukasimama. Nikalizungusha tena. Mwezi ukaanguka kifudifudi. Nikalifungua bomba dogo, nikalielekeza kwenye mwanga wa taa ya sebuleni, na pale, juu ya kile kipete cha kuzuia mwanga, palikuwa na unyuzi mmoja mweupe wa plastiki, mabaki ya msumeno wa Bwana Seif, umejikunja vizuri, umelala chali pembe zake juu. Nikaupuliza. Ukaruka, ukatoweka.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Seif. Alisema, "Na jogoo wangu?"

Nikarudi kwenye ukuta wa roshani, nikasema, "Jamani, siyo mwezi, nimekosea," lakini takbira zilikuwa juu, na habari njema haipendi kukatizwa. Nikaita tena, mtu mmoja akanipungia mkono, akanijibu, "Nawe pia, Iddi Mubarak!" Basi ikabidi nishuke. Nilishuka ngazi moja baada ya nyengine, kila ghorofa nagonga, nabisha hodi, natoa salamu, nasema haukuwa mwezi, ulikuwa unyuzi wa plastiki ndani ya bomba langu, mnisamehe, sikilizeni redio. Ghorofa ya kati alinifungulia bibi mmoja mkongwe, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamweleza. Akaniweka pale mlangoni, akanitazama.

"Ulipouona ulipiga kelele," alisema. "Mbona sasa unanong'ona?"

Nikalisema tena kwa sauti, mlango wa pili ukafunguka, wa tatu ukafunguka, na kutoka gizani mwa ngazi kijana mmoja akauliza, "Fundi, kwa hivyo mwezi umerudi ndani?" na kicheko kikanitangulia mpaka chini. Uwanjani pale waliokuwa wanapiga takbira walinyamaza kundi kwa kundi, kadiri nilivyokuwa nikipita, na naweza kuwaambieni kwamba kunyamazisha takbira kwa mkono wako mwenyewe ni kazi nzito kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Nilipopanda tena juu nilimkuta Bi Khadija amekaa kwenye kigoda cha Salha, mkoba wake mapajani. Nikajua saa yangu ya Alhamisi imekwenda. Nikamwambia, "Haya ndiyo uliyokuja kuyaona, Bi Khadija. Sina la kujitetea."

Hakuniangalia. "Na mimi niliuona," alisema. "Nilisema mashaallah."

Ndipo redio ya jirani ikapandishwa sauti. Jengo zima likanyamaza. Msomaji alitoa salamu, akasoma aya, akachukua wakati wake kama wanavyofanya, kisha akatangaza: mwezi umeandama, umeonekana Pemba na watu walioaminika, kesho ni Iddi.

Safari hii kelele zilikuwa za kweli, na zilianza chini zikapanda juu. Bwana Seif alinikumbatia. "Si nilisema!" alipiga kelele, na hakuwa amesema kitu. "Fundi kauona! Kauona kabla ya redio! Wewe Fundi, vipi mtu mzima ukubali kugeuzwa akili na mtoto?" Akakimbilia ukuta wa roshani, akawaita wa chini, "Fundi alisema kweli!" na uwanjani wakaanza kuimba jina langu, wale wale niliowapita kichwa chini muda si mrefu.

Bi Mwanaisha akanisogelea, akanipa kikombe cha kahawa, akaniambia taratibu, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Ulisema upo, na kweli upo. Yamekwisha. Kunywa."

Na mimi nilitaka kunywa, sitawaficha. Ilikuwa rahisi mno. Sikuhitaji hata kusema uongo, nilihitaji kunyamaza tu. Bi Khadija mwenyewe alikuwa ameinua macho, na nikaona kwamba angefurahi, maana na yeye pia angesalimika.

Lakini Salha alikuwa amesimama kando ya bomba, viganja vyake viwili bado vimelizunguka kama alivyolishika mara ya kwanza, anatazama miguu yake. Watoto wenzake walikuwa wanamtazama yeye. Akauliza, kwa sauti ndogo, si kwangu hasa, kama anaiuliza sakafu:

"Kwa hivyo mimi ndiye niliyekosea?"

Nikaweka kikombe chini.

"Hukukosea," nikamwambia. "Mwezi ulikuwepo, na mimi sikuuona. Yote mawili ni kweli."

Akafikiri. "Ulikuwa nyuma ya mawingu?"

"Pengine. Sijui. Sikuuona."

"Waambie basi," akasema Salha, na akanionesha kwa kidole chini uwanjani, ambako walikuwa bado wanaimba.

Bwana Seif akasema, "Ah, mtoto huyu!" Bi Mwanaisha akasema, "Salha, adabu." Na mimi nikaenda tena kwenye ukuta ule ule, nikashika pale pale nilipokuwa nimeshika mwanzo, nikavuta pumzi, na kwa sauti ile ile (nilihakikisha isipungue, nilimkumbuka yule bibi wa ghorofa ya kati) nikapiga ukelele: "Jamani! Mwezi umeandama, lakini mimi sikuuona! Mimi niliona unyuzi wa bomba!"

Kisha Michenzani ikacheka. Sijawahi kusikia kicheko kirefu kama kile. Kilikwenda roshani kwa roshani mpaka mwisho wa jengo, kikageuka, kikarudi. Watoto wa uwanjani walishapata jina langu jipya kabla sijatoa mikono ukutani, na ndilo ninaloitwa mpaka leo Darajani, Michenzani, na hata kwangu Mpendae, ambako nilidhani halitafika: Mwezi Bomba. Barazani kwenye kahawa hali ni mbaya zaidi. Nikisema neno lolote, bei ya samaki imepanda, mvua itanyesha, mmoja huzungusha mkono hewani kama anafungua chupa, na wengine wote huitikia, "Geuza kwanza!"

Jogoo wa Bwana Seif aliliwa usiku ule ule, na mimi nikaletewa paja, pamoja na salamu kwamba nile vizuri, lisiwe la plastiki.

Jioni ya Iddi nilipanga nibaki ndani, lakini Bi Mwanaisha akatuma watu, nikaenda. Watoto walikuwepo, na nguo zao mpya, viatu vinalia, mikono imejaa halua. Mawingu hayakuwepo. Mwezi ulikuwa juu ya bahari, hauhitaji bomba wala fundi, kila mtu anauona. Lakini watoto walitaka bomba, wakapanga mstari, na nikaona jambo ambalo sikuwaagiza: kila mmoja alitia jicho, akanyamaza, akalizungusha bomba, akatazama tena, ndipo akasema. Hakuna hata mmoja aliyesema kabla ya kuzungusha. Mtoto mmoja mdogo, aliyemfuata kaka yake tu na wala hakuwa wa darasa letu, alisema "nnauona" haraka, na wenzake wote wakamkemea kwa pamoja.

Bi Khadija alikuja amechelewa, na sahani ya vileja, zile biskuti za sikukuu. Alisimama nyuma, akawatazama mstari mzima mpaka wa mwisho. Kisha akaja kando yangu.

"Alhamisi ya kufungua skuli uje," alisema.

"Kwenye kusoma?"

"Saa ya kusoma nitaitafuta kwengine." Akaiweka sahani ukutani. "Mie walimu wangu nawaambia kila siku mtoto asiogope kumsahihisha mkubwa, lakini jana nilipomwona mtoto anafanya hivyo nilitaka anyamaze. Ningeapa kwa imamu, Fundi. Nilikuwa nimeshasimama." Halafu akatoa kileja, akanipa. "Lakini bomba ashike Salha."

Basi mimi sasa nimeweka nadhiri, na nimeiweka mbele ya watoto ili niwe na mashahidi wa kweli: bomba nikishalikata nitalipuliza, saumu nitaihifadhi kwa njia nyengine, na neno "nimeona" halitatoka kinywani mwangu mpaka nimegeuza. Yale maswali ya barazani sijaacha kuyauliza, ila siku hizi najiuliza mwenyewe kwanza, na mara nyingi nikishajiuliza huwa sina haja ya kumuuliza mtu.

Jioni ile nilikuwa wa mwisho kutazama. Nikainama, nikatia jicho, nikauona, mwembamba, mweupe, umelala chali pembe juu, sawasawa na ule wa plastiki, kiasi kwamba hata leo sina njia ya kuitofautisha kwa jicho. Nikafungua kinywa.

"Geuza, Fundi," akasema Salha.

Nikageuza. Haukugeuka.